Mjue Mwenye Kazi Kabla ya Kugusa Msimbo

Mwanafunzi wa kompyuta wa Alupe, Kibabii au Masinde Muliro anapokaribia muda wa atachimenti, jambo la kwanza analowauliza wenzake ni kampuni gani ya Nairobi inapokea watu. Namwelewa. Nairobi ndiko yaliko majina makubwa, na barua iliyotoka Westlands inapendeza kwenye wasifu. Lakini kama kwenu ni Mundika, Adungosi au Amagoro, na pale Busia au Malaba pana afisi ndogo inayotengeneza tovuti na mifumo ya mawakala wa forodha, shule na wauza nafaka, nakusihi uifikirie kabla hujapanda basi la usiku. Nimefanya kazi hii mpakani, nimewapokea wanagenzi na kuwaaga, na haya ninayoyaandika ndiyo ninayowaambia wanapofika na barua ya chuo mkononi.

Sababu yangu ni moja. Kijana anayeanza kutengeneza tovuti hapungukiwi na mahali pa kujifunzia lugha za programu. Video na vitabu vimejaa. Anachokosa ni kumwona mtu akikitumia alichokitengeneza. Katika afisi kubwa unaweza kumaliza miezi mitatu ukipanga vitufe vya tovuti ya benki bila kukutana na mteja hata mmoja wa benki hiyo. Mpakani, uliyemtengenezea fomu asubuhi atakuwa mlangoni kwako kabla ya saa kumi, simu mkononi, akitaka kujua mbona imekataa namba yake. Na mtu huyo ana laini mbili, pesa za nchi mbili mfukoni, na mzigo unaoelekea nchi ya tatu. Ukiweza kumhudumia huyo, mteja wa mjini hatakubabaisha.

Nafasi zenyewe aghalabu hazitangazwi. Ziendee kwa miguu. Chukua barua ya chuo, nakala ya bima ya mwanafunzi, na anwani ya kitu kimoja ulichokitengeneza kinachofunguka kwenye simu. Kimoja kinatosha, hata kiwe ratiba ya ligi ya kijijini kwenu. Mwenye afisi atakifungua mbele yako, na hapo atajua mengi kukuhusu kuliko atakayosoma kwenye barua. Usisahau kwamba NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, nayo huwasaidia wanafunzi kupata nafasi, serikali ya kaunti hupokea wanagenzi wa teknolojia, na kwa aliyekwisha kuhitimu kuna ule mpango wa Mamlaka ya ICT, Presidential Digital Talent Programme, unaochukua wahitimu kwa mwaka mzima. Ombi moja halizuii jingine.

Kabla ya kukubali, uliza maswali bila kuona haya. Nitatumia kompyuta ya nani? Chakula cha mchana na nauli vikoje? Nitaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi? Na lile lililo kubwa kuliko yote: ni nani atakayesoma msimbo wangu? Taka jina la mtu. Ukiambiwa "tutaona", jihadhari. Namjua kijana aliyemaliza muda wake wote kwenye kaunta ya afisi moja akiwajazia watu fomu za eCitizen na kutoa fotokopi, kisha akatiwa sahihi kwamba amefanya kazi ya kutengeneza tovuti. Alidhulumiwa. Sisemi kazi ya saiba haina faida. Kaa kwenye kaunta hiyo siku mbili tatu na utajifunza mahali watu wanapokwama wanapojaza fomu, jambo ambalo mhadhiri wako huenda hajawahi kuliona. Lakini siku hizo ziwe mbili tatu, zisiwe miezi mitatu.

Ukishaingia, wiki ya kwanza usikimbilie kuonyesha unachojua. Utapewa msimbo ulioandikwa na mtu aliyekwisha ondoka, pengine PHP ya zamani isiyo na maelezo hata mstari mmoja, na utashikwa na hamu ya kuufuta wote uanze upya kwa mtindo ulioupata kwenye video. Jizuie. Msimbo huo unalisha watu. Mstari unaouona wa ajabu mara nyingi uliwekwa kwa sababu mteja alikwama siku fulani, na ukiuondoa atakwama tena. Usome kama ulivyo, uendeshe kwenye kompyuta yako, uandike kwenye daftari kila usichokielewa. Daftari hilo likijaa maswali, tayari umeanza kazi.

Halafu toka nje. Hapa ndipo ninapotofautiana na wasimamizi wenzangu wengi, wanaotaka mwanagenzi aonekane kwenye kiti chake mchana kutwa. Mimi humtuma akashinde na wakala wa forodha, akae nyuma ya bega lake, atazame. Ataona kwamba wakala anafungua mifumo miwili kwa wakati mmoja, iCMS ya KRA na ASYCUDA ya mamlaka ya kodi ya Uganda, URA. Ataelewa sababu yake: tangu 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha, hati za mzigo wa Uganda unaoshuka Mombasa hushughulikiwa na kodi yake kulipwa Uganda kabla lori halijaondoka bandarini, na njiani mzigo hufuatiliwa kwa kufuli za kielektroniki hadi ufike. Atashuhudia kituo cha pamoja cha mpakani kinavyofanya kazi. Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Anayetoka Kenya husimama mara moja tu, upande wa Uganda, na maafisa wa nchi zote mbili humkagua hapo hapo. Mwanagenzi aliyeyaona haya hatamtengenezea wakala ukurasa wa kuuliza maswali ambayo wakala ameshayajibu kwenye mifumo mingine miwili.

Nikupe mfano nilioushuhudia. Mwanagenzi alikuwa ametengeneza ukurasa wa kukusanya bei za nafaka, safi kabisa kwa kuutazama. Tukaupeleka Soko Posta, Busia, kwa mama anayeuza mahindi na maharagwe.

"Mama, hapa unaweka bei ya mahindi."

"Bei ya gani, mwanangu? Ya gorogoro ama ya gunia?"

"Ya gunia, mama."

"Gunia langu ni kilo tisini. Wale wa ng'ambo wananiuzia kwa kilo. Na unataka shilingi yetu ama ya Uganda?"

Ukurasa ulikuwa na kisanduku kimoja tu, kimeandikwa "Bei". Tulirudi afisini kijana akakipasua: kiasi, kipimo, uzito wa kipimo hicho kwa kilo, na sarafu. Kazi ya saa moja. Lakini kama ukurasa ule ungeingia kazini ulivyokuwa, ndani ya wiki moja hifadhidata ingejaa tarakimu zisizolinganishika, na hakuna ufundi wowote wa baadaye ungeweza kujua ipi ilikuwa ya gorogoro na ipi ya gunia.

Kuhusu sarafu, shika jambo hili tangu siku ya kwanza. Kwa orodha ya kimataifa ya ISO 4217, shilingi ya Kenya ina senti, tarakimu mbili baada ya nukta. Shilingi ya Uganda haina hata moja. Hifadhi kiasi kwa namba nzima, kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu hiyo, na ubavuni mwake uweke alama ya sarafu, KES au UGX. Kamwe usibadilishe kiasi kwenda sarafu nyingine ukahifadhi jibu peke yake. Hifadhi kilichoandikwa na mtu, kiwango kilichotumika kubadilisha, na saa kilipotumika. Kiwango cha wabadilishaji fedha wa mpakani si kile cha benki kuu, na cha asubuhi si cha jioni. Wafanyabiashara wanalijua hilo, na watakuuliza.

Fomu ndizo zitakazokula muda wako mwingi, kwa hiyo niendelee nazo kidogo. Kitambulisho cha Mkenya ni tarakimu tupu. Namba ya utambulisho ya Mganda ina herufi na tarakimu, jumla kumi na nne. Ukisema kisanduku kipokee tarakimu pekee, umewafungia nje watu wa nusu ya mji. Namba za simu za Kenya siku hizi huanza kwa 07 na pia 01, lakini bado naona fomu mpya zinazoikataa 01. Mwache mtu aandike namba kama anavyoizoea, na nafasi zake na sifuri yake ya mbele, kisha wewe mwenyewe uigeuze iwe 254 au 256 kabla ya kuihifadhi. Namba za magari nazo zina mambo. Sharti la herufi tatu, tarakimu tatu na herufi moja litaipokea lori la Kenya, kisha litaikataa trela inayovutwa na lori hilo hilo, kwa kuwa trela ina herufi mbili, ya kwanza ikiwa Z, na tarakimu nne. Na bado hujafika Rwanda na Kongo. Kwa namba za magari ya nchi nyingi, punguza masharti, na badala yake umwonyeshe mtu alichoandika kwa herufi kubwa kabla hajatuma.

Kontena ni kinyume chake, hapo kaza. Namba ya kontena, kwa kiwango cha ISO 6346, ina herufi nne na tarakimu saba, na ile tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na herufi nne na tarakimu sita zilizotangulia. Maana yake unaweza kuandika kipande kifupi cha msimbo kinachofanya hesabu hiyo na kumwambia karani palepale kwamba kidole kimeteleza, kabla kosa halijafika kwenye hati. Nampa kila mwanagenzi kazi hii. Ni ndogo, ina jibu moja sahihi, na wakala anapoiona ikifanya kazi humheshimu kijana tangu siku hiyo.

Saa nazo zitakusumbua. Seva nyingi hutunza muda kwa UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, na Kenya na Uganda zote ziko saa zile zile. Lori lililovuka Malaba saa nane usiku wa kuamkia Jumanne litahifadhiwa kama limevuka Jumatatu saa tano usiku. Ukichapisha ripoti ya siku bila kugeuza, malori yote yaliyovuka kati ya saa sita usiku na saa tisa yataangukia siku isiyo yao. Wakala anayewalipa madereva posho ya kila siku wanayolala mpakani ataiona tofauti hiyo kwenye pesa zake, na hatakuja akikuambia tatizo ni UTC. Atakuja akisema mfumo wako unaiba. Hifadhi kwa UTC, onyesha kwa saa za Africa/Nairobi, na kokotoa mwanzo na mwisho wa siku kwa saa za hapa. Kisha ijaribu ripoti yako kwa data ya saa nane usiku. Mpaka huu haulali, na data ya mchana peke yake itakudanganya kwamba mambo ni shwari.

Mfikirie dereva huyo huyo kwa jambo jingine, uzito wa kurasa. Januari 2022 foleni ya malori ya kuingia Uganda ilirefuka kutoka Malaba kwa makumi ya kilomita, madereva wakipinga kupimwa na kulipia vipimo vya COVID-19. Foleni fupi zaidi zipo hadi leo. Anayefungua ukurasa wako kujua kama hati zake zimetoka huenda amelala barabarani siku tatu, bando limebaki kidogo, na kioo cha simu kimepasuka. Ukurasa wenye picha kubwa ya meli inayopita polepole nyuma ya maandishi haumfai. Mpe jibu kwa maandishi juu kabisa, na picha uziache. Kivinjari cha Chrome kina sehemu ya kuigiza mtandao wa polepole. Itumie kila siku, na ufungue kazi yako kwenye Opera Mini pia. Tena uwe tayari kusikia kwamba hapahitajiki tovuti kabisa. Sauti East Africa, iliyowapa wafanyabiashara wadogo wa mipakani bei za masoko, viwango vya kubadilisha fedha na taratibu za kuvuka, ilitumia menyu za USSD zinazofunguka hata kwenye kabambe. Ujumbe mmoja wa USSD hauzidi herufi 182. Jaribu kueleza hali ya mzigo kwa herufi hizo. Utajifunza kuandika kwa ajili ya mtu mwenye haraka.

Siku utakayoambiwa uunganishe malipo ya M-Pesa, ujue umekabidhiwa kazi ya mtu mzima. Kupitia Daraja ya Safaricom, tovuti hutuma ombi na mteja akaletewa ujumbe wa kuweka PIN kwenye simu yake. Ukituma ombi, Daraja hukujibu papo hapo na sifuri. Wanagenzi wengi huiona sifuri hiyo wakaandika "imelipwa" kwenye hifadhidata. Hiyo inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Mteja bado hajagusa PIN. Jibu la pili huja baadaye kidogo, likitumwa na seva za Safaricom kwenye anwani uliyoitaja, na humo ndimo mna sifuri inayothibitisha malipo, au 1032 kwamba mteja amekataa, au 1037 kwamba simu haikujibu. Mpakani itarajie 1037, maana huenda simu ya mteja imeshika mtandao wa ng'ambo. Anwani ya kupokelea jibu iwe ya https na ifikike kutoka nje. Seva iliyo kwenye laptopu yako mezani haifikiki.

Kila ombi lina namba yake ya utambulisho. Ihifadhi mara tu unapoipata, kwa sababu ndiyo utakayolinganisha nayo jibu. Jibu likija mara mbili, risiti isitoke mara mbili. Lisipokuja, Daraja ina huduma ya kuulizia hali ya muamala; iulize, usimwambie mteja alipe tena, kwa maana huenda pesa zimeshatoka. Jaribu haya yote kwa namba ya majaribio ya 174379 kabla ya kugusa shilingi ya mtu. Na umweleze mwenye biashara mapema kwamba kitufe cha M-Pesa hakitamhudumia mnunuzi wa Tororo mwenye MTN MoMo au Airtel Money ya Uganda. Hao wanataka akaunti nyingine na msimbo mwingine. Mweleze pia kwamba muamala mmoja wa M-Pesa una kikomo cha shilingi 250,000, na kuna nauli za malori zinazokipita. Afadhali ahuzunike leo kuliko azue ugomvi mwezi ujao.

Sasa jambo zito kuliko yote. Afisi za mpakani zimejaa habari za watu: nakala za pasipoti, vitambulisho, PIN za KRA, ankara, namba za kontena na vilivyomo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawagusa wote wanaozishika habari hizo, pamoja na wewe mwanagenzi. Data ikivuja kwa namna ya kuwahatarisha wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Kwa hiyo hifadhidata ya kweli haiendi nyumbani kwenye flashi, haitumwi kwa WhatsApp, na haitumiki kujaribia msimbo. Tunga majina na namba za kujaribia. Wakala mwenye haraka akikuambia, "Chukua neno langu la siri uingie iCMS uniangalizie," kataa kwa adabu: "Samahani mzee, ingia wewe mwenyewe, mimi nitasimama hapa nikuelekeze." Kila linalofanywa kwenye mfumo ule linaandikwa kwa jina lake, na likiharibika nyote wawili mtaulizwa.

Tena kuna watu watakaokununulia chai ili uwaambie lori la fulani limebeba nini na liko wapi. Usiwajibu, hata kama ni jamaa, hata kama swali linaonekana dogo. Habari ya mzigo ni pesa, na kwa dereva aliyelala peke yake kando ya barabara ni uhai. Mwarifu msimamizi wako siku hiyo hiyo. Ninalisema hili kwa moyo mzito kwa kuwa vijana wa miaka ishirini na mmoja hawaambiwi mapema, na wanaowafuata wanajua hawajaambiwa.

Mabinti wanagenzi, nawasemesha kando. Miji ya mpakani huchelewa kulala, na kazi ya kupeleka risiti kwenye yadi ya malori jioni hutafuta mtu wa kuifanya. Si kazi ya kutengeneza tovuti. Mkiombwa, kataeni, na msimamizi akishikilia, mpigieni simu mhadhiri anayewasimamia. Ndiyo kazi yake. Nawe kijana wa kiume uliye kwenye afisi hiyo hiyo, usingoje mwenzako abaki peke yake kusema.

Umeme utakatika. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 ulizimika karibu nchi nzima, sembuse mtaa wa Burumba, Busia, mvua ikinyesha. Kila ukimaliza kipande cha kazi, hifadhi kwenye Git na ukitume kwenye hazina ya afisi, na ujumbe unaoeleza umebadilisha nini na kwa nini. "Marekebisho" si maelezo. Usiweke nywila wala funguo za Daraja ndani ya msimbo unaoutuma huko. Na simu yako mwenyewe iwekee uchaguzi wa mtandao kwa mkono, la sivyo itarukia mnara wa Uganda ukiwa mezani na salio lako litaliwa usijue.

Ukikwama, jaribu mwenyewe kwa nusu saa hivi, kisha uliza. Uliza ukiwa na mambo matatu: ulichotaka kitokee, kilichotokea pamoja na ujumbe wa hitilafu neno kwa neno, na ulichokwisha jaribu. Nimeona mara nyingi mtu akipata jibu akiwa bado anaandika swali lake. Kinachomchosha msimamizi si maswali mengi. Ni kijana anayekaa kimya siku mbili kwa aibu huku mteja akingoja.

Kuhusu programu za akili mnemba, sina ugomvi nazo. Mwanagenzi asiyezitumia leo ni nadra. Nina masharti mawili. Usizipe data ya mteja wala msimbo wenye siri za afisi. Na usitume msimbo ambao huwezi kunieleza mstari kwa mstari nikikuuliza. Zitakuandikia fomu nzuri ya kupokea namba ya simu, lakini gorogoro la Soko Posta hazilijui mpaka wewe uzieleze. Ziombe zikufafanulie msimbo wa zamani usioeleweka. Katika hilo ni walimu wazuri, mradi uhakikishe wanachosema kwa kuendesha msimbo wenyewe.

Pesa ni ngumu katika miezi hii, na singependa kulipita hili haraka haraka kana kwamba ni la aibu. Afisi nyingi ndogo hazilipi, nyingine hutoa nauli tu. Zungumza na nyumbani kabla ya kuanza, kaa kwa jamaa ukiweza, na usikope kwa programu za simu ili uonekane umevaa kama watu wa afisini. Ukivuka kwenda Busia ya Uganda kununua chakula cha bei nafuu, beba kitambulisho na upite langoni. Njia za panya zina hasara zake, na laptopu ya afisi ikipotelea huko utailipa. Ukipewa kazi ya pembeni na mteja wa afisi, mwambie msimamizi kwanza. Ikiwa inakubalika, andikeni kwenye karatasi kazi ni ipi, inalipwa kiasi gani, na nani atalipia seva na jina la tovuti la .co.ke mwaka ujao. Ugomvi mwingi wa watengenezaji tovuti na wateja wa hapa ninaoujua ulianzia kwenye hilo la mwisho.

Kitabu cha kumbukumbu cha chuo kijaze kila jioni, si usiku wa kuamkia ziara ya mhadhiri. Usiandike "niliendelea na tovuti". Andika kwamba fomu ilikataa trela, ukagundua sharti lililosababisha, ukalibadilisha, ukaijaribu kwa namba za nchi nne. Baada ya miezi mitatu utakuwa na simulizi za kweli za kujibia kila swali la usaili, zenye tatizo, sababu na ulichofanya.

Wiki mbili kabla ya kuondoka, anza kukabidhi. Andika ukurasa mmoja unaoeleza jinsi ya kuendesha ulichokitengeneza kwenye kompyuta mpya, kisha umpe mtu mwingine aufuate wewe ukiwa umenyamaza kando; anapokwama ndipo urekebishe. Rudisha funguo, omba nywila zako zote zifungwe, na uhakikishe zimefungwa kwa kujaribu kuingia mbele ya msimamizi. Nendeni pamoja kwa wateja mliowahudumia, uwaage na uwaonyeshe atakayekufuata. Omba ruhusa ya maandishi ya kuonyesha kazi yako kwa waajiri, ukitumia picha zenye data ya kubuni. Na barua ya ushuhuda usikubali ile ya kusema ulikuwa na bidii na nidhamu basi. Mwombe msimamizi ataje ulichokitengeneza, nani anakitumia sasa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na namba ya simu ya afisi ambayo mwajiri anaweza kuipiga na kujibiwa.